Herufi Yenye Kofia

Kompyuta ya Vekoslav ina miaka kumi na minne.
Ikiwashwa, feni hukohoa kwanza, kisha hukubali,
kama mlinzi aliyekutwa amesinzia.

Nilimletea diski ya nje kutoka Cerkno, ndani ya soksi,
maana theluji ilikuwa inaingia mpaka mifukoni.
"Kilichobaki," nikamwambia, "ni kuchagua programu."
Mtu aliyewachagulia nyuki malkia kwa miaka arobaini
hawezi kusikia neno kuchagua
akadhani ni kazi ya dakika tano.
Akavuta kiti cha pili.

Ya kwanza ilitukataa hata hatujaketi sawasawa:
mfumo wako umepitwa na wakati.
Vekoslav aliisoma kwa sauti, polepole,
akaitazama saa ya ukutani anayoitia ufunguo kila Jumapili.
"Umepita wapi? Mbona mimi nipo hapa mlangoni
na sikuuona."

Ya pili ilikuwa na uso mzuri.
Ilitaka namba ya kadi, yuro saba kila mwezi,
nayo ingebeba kila kitu mpaka kwenye wingu.
"Wingu," akasema, akanionyesha dirishani
paa la banda la mizinga, vigae vinne vipya
vilivyowekwa baada ya mvua ya mawe ya Julai.
Hatukuijadili zaidi.

Ya tatu, ya bure, nyepesi, yenye adabu:
hunakili kilichobadilika tangu jana, basi.
Ilimaliza kabla chai haijapoa.
Imekamilika, ikaandika, na alama ya kijani.
Nami nilishanyanyua koti.

"Kaa," akasema. "Asali haihesabiwi ikiwa mzingani."
Akafuta faili moja, kwa makusudi, mbele ya macho yangu.
"Sasa lirudishe."

Faili lenyewe: sekunde hamsini na moja.
Nežka yuko jikoni, anasoma vipimo vya mkate wa jozi,
anakosea mayai, anacheka,
anasema zima hicho kidude.
Hakikuzimwa. Ndiyo maana yupo.

Likarudi. Lakini jina lake sasa lilikuwa
Ne?ka.
Herufi yenye kofia ilidondoka njiani
na mahali pake pakasimama ndoano,
kana kwamba programu inauliza: nani huyu?

Nikasema sauti ni ileile, sikiliza, haikuguswa.
Nikasema hilo ni jina la faili tu, tutaliandika upya.
Alizisikiliza sekunde zote hamsini na moja.
Kisha akaiondoa programu, bila hasira,
jinsi anavyomtoa nyigu mzingani,
kwa vidole viwili.

Akiba haiozi, walisema. Hawakuijua diski,
inavyooza bila harufu, bila ukungu, usiku,
ikakuamkia asubuhi na ukimya.

Ya nne ni mbaya kwa sura. Kijivu, vitufe kama punje za mtama,
maelezo yameandikwa na mtu mwenye haraka
au mwenye mtoto mgonjwa.
Usiku wa kwanza ilitumia saa tisa.
Nililala kwenye benchi karibu na jiko la kuni,
yeye hakulala; kila nilipofumbua jicho
nilimwona ameinamisha sikio kwenye lile boksi,
anasikiliza mvumo kama afanyavyo Februari
kujua kama kundi lingali hai.

Alfajiri tukafuta. Tukarudisha.
Nežka.
Kofia kichwani.
Akaenda kuwasha moto, akakaa huko muda mrefu
kuliko moto unavyohitaji.

Siku hizi diski moja imo kwenye droo ya visu,
ya pili iko kwa Tilen, ng'ambo ya daraja,
nyumba zikiungua, zisiungue zote mbili.
Kila Ijumaa hubadilishana, kwa soksi yangu ileile,
ambayo sijaidai.
Tilen aliwahi kumuuliza ndani mna nini.
"Orodha za nyuki," akajibu.
Na kweli, nyingi ni orodha za nyuki.